Shabiki wa Mukewa Hafungwi

Mimi ndiye niliyeleta hiyo sheria, kwa hivyo usinitafutie mtu mwingine wa kulaumu. Nimemtafuta mwenyewe, nikamkosa.

Tulikuwa Chuo cha Ufundi cha Mukewa, mimi nikisomea umeme wa magari, na siku hiyo timu yetu ilikuwa imecheza ugenini. Tulifungwa saba. Saba bila, bana, na golikipa wetu Brayo alikuwa bado anabishana na refa kuhusu la kwanza. Mkuu wa chuo akanipigia simu kuuliza matokeo, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa mpiga ngoma na kiongozi wa mashabiki. Niliwaangalia wenzangu, matawi ya miti bado mkononi, koo zimekauka, nikasema, "Tunaongoza mbili bila, mwalimu." Watu walianguka chini kwa kicheko. Tuliimba njia nzima kurudi, ungedhani tumebeba kombe.

Kuanzia hapo ikawa mila. Shabiki wa Mukewa hafungwi. Ukiulizwa matokeo, hata kama mnazikwa wazima wazima, unasema tunaongoza na unataja mabao. Anayeteleza akasema ukweli anamwagiwa karai la maji yaliyooshewa sufuria. Maji hayo aliyaleta Fridah, aliyekuwa anasomea upishi, na hakuwa na huruma nayo. Msichana mfupi, sauti kubwa kuliko spika ya kanisa. Akiimba Jumamosi, mpaka Jumatano hawezi kuitikia jina lake darasani, anainua mkono tu. Alikuwa anacheza mbele ya mashabiki wote kwa mguu mmoja, akizunguka uwanja mzima hivyo, na hakuna aliyewahi kumshinda. Nilimpenda Fridah. Miaka mitatu nilimpenda na sikumwambia, na huo nao ni ujinga wangu.

Nikikumbuka siku hizo nasikia uchungu kabisa, si mchezo. Asubuhi ya mechi kila shabiki alikuwa anamega andazi lake la chai na kumpelekea golikipa nusu, basi Brayo alikuwa anaingia uwanjani na tumbo kama la mama mjamzito, halafu tunashangaa mipira inampita. Tulikuwa maskini na hatukujua. Hakuna mtu aliyetuuliza ikama, kile kibali cha kuishi, hakuna mtu wa kutuambia yalla, harakisha.

Miaka tisa baadaye nusu ya lile jukwaa iko Uarabuni. Mimi ni dereva wa familia moja hapa Riyadh, naishi chumba cha nyuma Malaz. Brayo ni hamali Jeddah, anabeba marobota sokoni Balad. Fridah alikuwa Jeddah hiyo hiyo, kadama, mfanyakazi wa ndani, katika jumba moja la Al-Hamra. Tuna kundi letu la WhatsApp, na kila Ijumaa mimi naandika, "Matokeo?" Watu wanajibu. Aliyenyimwa mshahara miezi mitatu anaandika, "Tunaongoza tano bila." Aliyefukuzwa na kafili, tajiri aliyemleta, anaandika, "Tunaongoza nane, refa analia." Tunacheka, tunatumiana ngoma, wiki inaenda. Hayo ndiyo yalikuwa maombi yetu.

Fridah alikuwa anaandika "Tunaongoza mbili bila" kila wiki, ile ile ya kwanza kabisa. Halafu kuna Ijumaa aliandika "Tunaongoza" peke yake. Ijumaa iliyofuata hivyo hivyo. Ya tatu akaandika "Tunao". Nikamjibu, "Madam amekuchosha, nenda ulale." Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Ijumaa hiyo hiyo tulikuwa tumekodi kiwanja kidogo cha Malaz, wazee wa Mukewa dhidi ya wazee wa chuo kingine cha kwetu. Wazee ni jina tu, tuna miaka thelathini. Nilikuwa napiga ndoo ya rangi badala ya ngoma, tumeshafungwa matatu, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu nishuke kwenye ndege nchi hii. Simu ikalia. Namba ya Jeddah.

"Wewe ndiye Onesmus? Mimi naitwa Lois, mtu wa Voi. Nafanya kazi nyumba iliyopakana na ya Fridah."

Nikasogea mbali na kelele.

"Kaka, Fridah ni mgonjwa. Alimwagikiwa mafuta ya moto mguuni, yapata wiki tatu. Kidonda kimeoza, kinanuka, na siku nne hizi ana homa ya kutetemeka. Anafanya kazi akijishika ukuta. Nikamwambia, waambie watu wako. Akasema ameshawaambia. Leo nimeishika simu yake nikaangalia mwenyewe. Naona tunaongoza, tunaongoza. Mnaongoza nini, kaka?"

Nilimwomba anionyeshe nyumba kwenye ramani, akanitumia. Nikapiga simu ya gari la wagonjwa kwa Kiarabu changu cha kuendeshea madam sokoni, nikawapa mahali. Halafu nikaandika kwenye kundi: "Tumefungwa. Fridah anakufa Al-Hamra. Brayo, uko karibu, nenda sasa hivi."

Unajua walinijibu nini? Maji. Matone ya maji, picha za makarai, safu kwa safu. "Kiongozi amevunja sheria!" "Mloweshe huyo!" Mtu mmoja akatuma sauti yake akiiga Fridah anavyocheka akimwaga. Na Brayo, ambaye kutoka Balad hadi Al-Hamra ni safari ya teksi ya kumaliza soda, akatuma karai kubwa kuliko yote, kisha akaweka simu mfukoni akaendelea na marobota yake.

Nilimpigia mara kumi na tisa. Niliandika tena, "Si mchezo, naapa kwa mama yangu." Wakasema hata siku ile ya saba bila niliapa kwa mama yangu. Na ni kweli, niliapa. Hasira niliyosikia sijawahi kuisikia, nilitamani kuwatandika mmoja mmoja, na wa kwanza kutandikwa alikuwa mimi.

Lois akapiga tena. Alikuwa juu ya dari akianika nguo, anaona lango la jirani.

"Wale wa gari la wagonjwa wamekuja na wamekwenda," akasema. "Madam wake aliwaambia hakuna mgonjwa. Wakataka kumwona. Fridah akatoka mlangoni kwa miguu yake, gauni limefunika chini, kasema tamam, kila kitu tamam. Wangembeba kwa nguvu?"

"Kwa nini aseme tamam, Lois?"

"Madam alikuwa amesimama pale. Na nyinyi mlimfundisha nini?" Huyu mama alikuwa na ulimi. "Kwetu tunasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Njoo, kaka. Acha kupiga simu, njoo."

Nikamwomba bosi wangu ruhusa. Akasema nina mpaka Jumamosi jioni, nikikawia, halas, nitafute kafili mwingine. Nilipanda ndege ya saa tisa nikiwa na jezi ya Mukewa na kiatu kimoja kimefunguka. Nilipofika Jeddah jua lilikuwa bado juu, na Brayo alikuwa ananisubiri nje ya uwanja wa ndege. Alikuwa amefungua simu wakati wa kunywa chai akaona namba yangu mara kumi na tisa. Hakunisalimia.

"Nilikuwa hapo," alisema ndani ya teksi. "Tangu adhuhuri, Onesmus. Ningetembea kwa miguu ningefika." Alilisema hilo mpaka tukafika Al-Hamra.

Baba wa nyumba ile alifungua lango mwenyewe. Mzee mwenye miwani, kanzu safi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nikamwambia dada yangu ni mgonjwa, nataka kumwona. Akashangaa. "Kila siku namuuliza, Fridah, hali? Ananiambia tamam. Madam ananiambia tamam." Sijui kama alisema kweli. Madam wake alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Nilitaka kumchukia yule mzee, na nilimchukia kiasi, lakini ningemwambia nini, mimi ambaye nilikuwa naambiwa tunaongoza na nacheka?

Akamwita. Fridah akaja akijishika ukuta kama alivyosema Lois. Amekonda, midomo imepasuka. Aliponiona kwenye jezi ile akajaribu kutabasamu. Nikapiga magoti pale sakafuni nikainua pindo la gauni. Sitaelezea nilichokiona. Mzee alisema jina la Mungu, akaenda kuleta gari lake yeye mwenyewe.

Ndani ya gari kichwa chake kilikuwa begani kwangu, kinachoma. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuambia," akasema. "Niliacha kutaja mabao. Wiki tatu. Shabiki wa Mukewa hasemi tunaongoza bila mabao. Wengine wangekosa kuona, sawa. Lakini wewe ndiye kiongozi, Ones. Nikajua utaona."

"Nilidhani umechoka."

"Nilichoka pia," akasema.

Hospitalini walimpokea vizuri, hilo siwezi kulalamika. Walimtundikia dawa usiku kucha, mimi na Brayo tukiwa kwenye viti vya korido. Asubuhi saa mbili daktari akatuita kando ya kitanda. Alikuwa mama wa Kisudani, mpole, anaongea Kiingereza taratibu. Alisema sumu ya kidonda imeingia kwenye damu. Mguu lazima ukatwe juu ya goti, na ukatwe leo asubuhi. Akampa Fridah karatasi ya kukubali, akamwambia afikirie kidogo lakini asifikirie sana. Halafu akatoka, nikamfuata koridoni kumuuliza zaidi, kisha nikarudi. Brayo alikuwa ameenda kupiga simu Kenya.

Fridah aliishika ile karatasi juu ya kifua. Akili zake zilikuwa timamu kabisa, homa ilikuwa imeshuka kidogo.

"Ones, wewe umezungumza naye huko nje," akasema. "Nitazame. Ni lazima?"

Naam, nilikuwa nimezungumza naye. Alikuwa ameniambia bila mguu kukatwa msichana hafiki jioni. Alisema hivyo hivyo, hafiki jioni.

Nikamtazama Fridah. Alikuwa ananisubiri nianze, na mimi sikuona kitanda wala sindano, nilimwona anazunguka uwanja kwa mguu mmoja na vumbi limemjaa, watu wanapiga makofi. Sikuweza. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Madaktari hupenda kutisha," nikasema. "Dawa zinafanya kazi, si homa imeshuka? Mguu utapona. Wiki mbili uko nyumbani."

"Kweli?"

"Kweli."

Alipumua kwa nguvu, machozi yakamtoka, akanishika mkono akaubusu. Daktari aliporudi, Fridah akamwambia hapana. Wakabishana. Yule mama alinigeukia mimi nimsaidie, nikaangalia sakafu. Fridah akaandika kwa mkono wake kwamba amekataa, akatia sahihi.

Brayo alinikuta koridoni. Akauliza imekuwaje, nikamwambia yote, kwa sababu kwa Brayo sikuwa na haja ya kusema kingine. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinishika shingo ya jezi akanisukuma kuelekea mlangoni. "Rudi ndani umwambie. Rudi umwambie sasa hivi, mbwa wewe."

Nilirudi. Sikuwa nimekaa koridoni hata nusu saa, lakini homa ilikuwa imepanda tena na Fridah alikuwa anaongea na mtu ambaye hayupo, akimuuliza kama chai imechemka. Nikamwita jina. Nikamwambia, Fridah, nilikudanganya, kubali, tafadhali kubali. Akaniangalia kwa heshima ile mtu anampa mgeni, akasema asante, ameshiba.

Madaktari wawili wakatia sahihi kwa niaba yake, kwa kuwa hajitambui tena. Kufika hapo shinikizo la damu lilikuwa limeporomoka, wakasema hawawezi kumlaza usingizi wa upasuaji mpaka lipande. Hawakuacha kujaribu. Halikupanda. Alifariki saa nane mchana, Brayo ameshika mkono mmoja na mimi mwingine.

Yule daktari alikaa nasi baadaye, akatuletea maji ya kunywa. Hakuwa na ukali wowote. Alisema tu kwamba saa mbili asubuhi bado kulikuwa na nafasi, na nzuri.

Baba wa Al-Hamra alishughulikia karatasi za kumsafirisha. Kundi la Mukewa lilichanga, kisha mmoja mmoja wakajiondoa, sasa tumebaki watatu na hakuna anayeandika. Brayo hajasema neno kwa mtu yeyote kuhusu ile asubuhi. Ameniachia mimi.

Mama yake Fridah ananipigia kila Jumapili akitoka kanisani. Ananiita mwanangu. Anasema Mungu anilipe kwa sababu niliacha kazi nikakimbia hadi Jeddah, na mtoto wake hakufa peke yake. Mwezi jana aliniuliza kama kuna lolote ambalo lingeweza kufanyika.

Nikamwambia hapana, mama, tulichelewa tu.