Jibu Lililochelewa Pigo la Nne

Siku ya pili ya mvua, Mgongaji aligundua kitu kidogo. Katika jibu la dada yake, pigo la nne lilichelewa, kama la mtu aliyeteleza. Jana yake nalo lilichelewa vilevile. Mtu hatelezi mara mbili palepale, akawaza. Hakumwambia yeyote. Angemwambia nani?

Katika ufalme wa Mchwa, ghala, jiko, visima na vyumba vya watoto vyote vilikuwa ndani ya kichuguu kimoja. Kila chumba kilijitungia amri zake na kuzipa majina, lakini zote zilipita kwenye tundu moja. Hapo ndipo alipokaa Mgongaji, mchwa msichana, peke yake, akizigonga ukutani kwa kichwa. Alisikia mapigo ya ufalme mzima, wala hakuna aliyewahi kumuuliza ameamkaje. Wake alikuwa mmoja tu: dada yake, mpima maji wa chumba cha chini kabisa, ambaye kila asubuhi alijibu, "Kukavu."

Kati ya tundu na vyumba aliketi Mtunza Rafu, aliyehifadhi kila jibu lililotoka vyumbani. Waziri ndiye aliyemweka. "Kama hakuna kilichobadilika," aliamuru, "watu wasichoshwe. Jibu la jana litolewe rafuni, lirudiwe pigo kwa pigo." Sheria ilikuwa nzuri, iliwapumzisha wengi. Ila kwenye orodha ya vitu vya kutazamwa, ili ijulikane kama kuna mabadiliko, Waziri aliandika kimoja tu: maneno ya amri. Mvua hakuiandika.

Siku ya nne baraza lilikutana kwa Malkia, mbele ya tundu la Mgongaji.

"Mama Malkia," Waziri alisema, "zamani jibu la chini lilichukua nusu siku. Sasa hujafunga mdomo, limefika."

"Na harufu hii ya tope?"

"Ni ya wasiopenda maendeleo," alidakia Mkuu wa Askari. Baraza likacheka.

"Tuulize mbele yako basi," Waziri akasema. "We binti! Gonga."

Mgongaji akagonga: Pima maji ya chini. Jibu likarudi papo hapo. Kukavu. Pigo la nne likachelewa.

"Umesikia, Mama?"

Mgongaji aliijua dawa. Amri ikiongezwa neno moja tu, rafu haitakuwa na jibu lake, na amri italazimika kushuka yenyewe hadi chini. Lakini mgongaji anayeongeza neno lake hutupwa nje, juani. Siku mbili nzima alikuwa ameuma ulimi. Sasa kichwa kikagonga bila kuagizwa: Pima maji ya chini, leo.

"Nani kakutuma?" Waziri akafoka. "Kichwa chako ni cha kugongea, si cha kufikiria!"

Mtunza Rafu akapekua, akapekua tena. "Hii sina, Bwana Waziri," akasema, akaiachia ipite.

Wote wakasikiliza. Amri ilishuka ghalani, ikapita vyumba vya watoto, ikaenda ikififia, kisha ikasikika kama kokoto linaloangukia mtungini. Baada ya hapo, kimya.

"Pengine amesinzia," Waziri akasema.

Wakangoja. Ukuta wa baraza ulianza kulowa kutoka chini. Askari wa mlangoni wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga, na Mkuu wao akawafuata, eti kwenda kuwarudisha. Waziri alikuwa bado anatazama orodha yake.

Malkia, aliyekuwa na tumbo kubwa kiasi cha kutoweza kutembea, alibaki alipokuwa. "Binti," akauliza, "wewe unayesikia yote. Tangu lini?"

Mgongaji alitazama maji yakigusa miguu ya Malkia.

"Tangu juzi, Mama. Wa chini ni dada yangu. Nilijua si yeye anayejibu. Nilinyamaza kwa sababu huku juu kulikuwa kukavu."