Ngamia wa Mtakatifu Chad

Alhamisi mchana Firmin alikunjua bendera ya kanisa aliyoitarizi juu ya meza ya kukatia, akarudi nyuma hatua mbili, akangoja kusifiwa. Sifa hazikuja.

Kasisi Mokoena aliinama kama mtu aliyeangusha sindano. Mtakatifu kwenye bendera alikuwa mweusi tii, kilemba cheupe kichwani, joho la uzi wa dhahabu, mkononi kashika kamba ya ngamia. Kasisi akauliza huyu ni nani, Mama Mamie akatafsiri.

"Mutakatifu wenu," Firmin akasema, kifua mbele. "Saint Tchad."

Mama Mamie, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao la Mtakatifu Chad, mtaani Kensington, ndiye aliyeleta kazi hiyo wiki tatu nyuma. Alimuuliza Firmin kama anamjua mtakatifu huyo. Firmin, fundi asiyekubali mbele ya mteja kwamba kuna asichokijua, akajibu: namujua sana. Nchi ya Tchad nani asiyeijua? Jangwa, vilemba, ngamia. Kitambaa cha kilemba alikifuata mwenyewe kwenye maduka ya vitambaa ya Fordsburg. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kanisa. Ikikataliwa, Wakongo wote wa mtaa watajua kabla ya Jumapili.

"Firmin, mwana wangu," Mamie akasema, kama anayembembeleza mgonjwa, "Chad ni jina ya mutu. Muingereza. Askofu wa zamani, miaka elfu moja na mia tatu."

"Muingereza anaitwa Tchad?"

"Ndiyo."

"Na watu ya Tchad, bo baitwe nani?"

Bakiri, muuza vitambaa wa Tanga anayekodi nusu ya chumba hicho, alishindwa kujizuia. "Waulize kama kuna Mtakatifu Burundi, bwana. Tujiandae."

"Weye nyamaza, haya ya kanisa si ya kwenu," Firmin akamkatiza.

Kasisi alitoa picha mbili. Bendera ingebarikiwa Jumapili, kisha ipelekwe zawadi ng'ambo, Uingereza, kwenye kanisa la kijiji lenye jina hilohilo. Ya kwanza ilikuwa ya kanisa hilo: mawe, mnara mfupi, makaburi yameinama nyasini. Picha ya pili ilikuwa ya ukuta wa ndani, askofu aliyechorwa zamani. Firmin aliisogeza dirishani. Aliona fimbo, pindo la joho, miguu pekupeku. Juu ya shingo palikuwa na chokaa tupu.

"Uso yake iko wapi?"

"Umefutika," kasisi akajibu kupitia Mamie. "Unyevu, na miaka mingi."

Firmin akairudisha picha mezani. Watu hawa wana askofu mwenye jina la nchi ya wengine, kisha hana uso, na bado aliyekosea ni yeye!

"Alipanda munyama gani?"

"Alipenda kutembea kwa miguu. Juu ya farasi alipandishwa kwa nguvu na askofu mkuu wake."

"Basi ngamia nitamufumua. Lakini uso? Nani kati yenu alimuona?"

Kasisi akaichukua picha mezani, akaikagua tena. Akamtazama Mamie. Mamie akamtazama Bakiri, na Bakiri akaanza kukunja vitambaa vyake.

"Wale wa Uingereza watauliza kwa nini ni mweusi," kasisi akasema hatimaye.

"Wakiuliza, wapeni namba yangu ya simu."

"Kesho saa nne nitaifuata," kasisi akasema, na ilisikika kama anaomba.

Walipotoka, Firmin alichukua wembe, akaanzia mkia wa ngamia. Alifumua taratibu, uso akiuacha ulivyo, asijue kama ameshinda au amesamehewa.