Siku Tatu za Kubisha Hodi

Symphorien Beya alikuwa na diploma moja, miwani miwili, na neno moja alilolipenda kuliko vyote hivyo: enjinia. Hakuna aliyempa neno hilo. Alijipa mwenyewe mwaka alioanza kufundisha kompyuta katika shule moja ya ufundi hapa Kolwezi, na mtaa mzima ukaona ni kazi bure kumnyang'anya. Mkewe, Mado, alimwita "ingénieur" siku za furaha. Siku nyingine zote alimwita "tata", kama wake wengi wa mtaani wanavyowaita waume zao, na Symphorien alijua kwa mlio wa hilo "tata" kama atakula vizuri jioni au la.

Juma hilo alikuwa na jambo moja tu kichwani. Jumamosi saa nne asubuhi, wakwe kutoka Fungurume walikuwa wanaleta mahari ya binti yake, Falonne. Na katika ukoo wa Beya, Wakasai ambao babu zao waliletwa huku kuchimba shaba, mahari haipokelewi mpaka mkubwa wa ukoo amuulize binti mara tatu, uso kwa uso: tuipokee mali hii? Anauliza mara tatu, na mara tatu binti anajibu. Asipoulizwa, wakwe hurudi kwao na mbuzi wao.

Mkubwa wa ukoo alikuwa kaka yake Symphorien, Mulumba, aliyeitwa yaya kama kaka wakubwa wote huku, na aliyeishi mbali, mji wa Lubudi, na mguu uliokataa safari. Tena alikuwa kiziwi. Baruti za mgodini zilimla masikio zamani, na tangu hapo alisikia kwa macho, kwa kusoma midomo ya watu. Simu ya sauti haikumfaa kitu. Ilitakiwa picha, tena picha isiyokatika, na nyumba ya Symphorien iko nyuma ya kilima cha mchanga wa mgodi, mahali ambapo mtandao wa simu za mkononi huleta jicho la mtu leo na kidevu chake kesho.

Padri wa Lubudi alikubali kumkalisha Mulumba mbele ya kompyuta ya parokia. Upande wa Kolwezi, Symphorien aliuchukua yeye.

"Muniachie hii kazi," aliwaambia jamaa zake, akivua miwani ili wamwone vizuri. "Yaya atatuona kama eko naikala mu salon yetu hapa."

Hapo ndipo maji yalipozidi unga, ingawa kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kampuni moja ndogo ya mjini ilikuwa imefufua nyaya za simu za zamani na kuzipitishia intaneti, ile wanayoiita DSL. Jumanne fundi wao alikuja, akavuta waya mpya ya shaba kutoka kisanduku cha nguzo iliyo uani hadi soketi ya dirishani, skrubu mbili huku, skrubu mbili kule. Akaunganisha modemu, akaonyesha taa ya kijani, akajitolea kumaliza yote kwa dakika tano. Symphorien alimshukuru akamfungulia mlango. Enjinia hamaliziwi kazi na mtoto wa watu. Yeye alitaka lango: kompyuta kuukuu yenye Linux, kadi moja ya mtandao ikitazama modemu, ya pili ikitazama nyumba, na kila kinachoingia au kutoka kipite hapo kwa ruhusa yake. Nyumba yenyewe ilikuwa na kompyuta moja na simu tatu.

Jioni ile alisimama uani akaitazama waya mpya inavyong'aa. Kolwezi yote inakula kwa shaba. Kuacha mita kumi na mbili za shaba nje hadi asubuhi ni kama kuacha kuku nje ukamwomba mwizi awe na haya.

"Mado," alisema, "hii nshinga kila mangaribi uikunje, uiingize mu nyumba. Na usiirudishe mpaka mi nikuambie. Mashine haiko bado prête, haiko tayari."

Mado akapanda kiti, akafungua skrubu kwa kisu cha jikoni, akaikunja waya. Symphorien alilala usingizi mzuri wa mtu mwenye busara.

Jumatano asubuhi aliteremsha pazia, akafunga mlango, akakaa mbele ya mashine. Kwa dakika ishirini aliandika mipangilio yote: kadi ipi itumike, jina la mteja, nywila. Akaihifadhi, akaamuru mashine ipige. Mambo haya yanakwenda kwa adabu kama ya binadamu. Lango linabisha hodi kwenye waya. Upande wa kampuni mashine kubwa inajibu karibu, inauliza wewe nani, na ukijitambulisha sawasawa unafunguliwa. Lango la Symphorien likabisha hodi. Likangoja. Likaandika kwenye skrini kwamba hakuna aliyejibu.

Fundi yeyote angetazama kwanza taa ya modemu, maana taa ikipepesa tu, waya ina shida. Lakini katika nyumba ya Mado kila kitu chenye mgongo kina kitambaa cha kufuma juu yake, televisheni, redio, hata ndoo ya maji ya kunywa. Modemu nayo ilikuwa imevikwa kitambaa cheupe chenye maua mpaka chini, na aliyeivika ni Symphorien mwenyewe, kwa hofu ya vumbi.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mado.

"Tata, ile nshinga, mi…"

"Apana sasa, Mado. Niko nafikiri."

Akafikiri mpaka jioni. Alhamisi alibadilisha majina ya kadi, halafu akayarudisha. Alipunguza ukubwa wa pakiti za data hadi 1492, kama vitabu vinavyosema, kisha hadi namba ambazo hakuna kitabu kinazisema. Lango likabisha hodi kwa sauti mpya kila mara, na kila mara halikujibiwa.

"Tata, ku nshinga kule…" alisema Mado mlangoni.

"Mama, hii ni bintu bya kompyuta."

Ijumaa alifuta Linux yote akaanza upya. Alipochoka kujilaumu, na huko hakukuchukua muda, aliandikia kampuni barua ya kurasa tatu kuwaeleza udhaifu wa mitambo yao, akitumia neno "incompétence", yaani kutojua kazi, mara nne. Mado alikuja tena, na safari hii alisimama mlangoni muda mrefu, mikono yake ikiwa na unga.

"Tata, nikuulize kintu kimoja tu?"

"Kesho, Mado. Kesho."

Kuuliza si ujinga, wanasema. Hawajasema lolote kuhusu anayeulizwa akafunga mlango.

Mchana ule Falonne alikuwa anapiga pasi kitenge chake sebuleni. Alimtazama baba yake akitoka na macho mekundu, akauliza polepole, "Papa, itawezekana?" Symphorien akasema ndiyo. Kisha akaenda kusimama nyuma ya choo, peke yake, kwa sababu hakujua kama itawezekana, na aliogopa. Binti alikuwa ameomba kitu kimoja, kuulizwa na baba yake mkubwa ukoo ukishuhudia, na baba yake alikuwa amekichukua ili yeye aonekane enjinia.

Jumamosi saa tatu na nusu wakwe walifika kabla ya wakati, kama wakwe wote. Mzee Kisimba, baba wa bwana harusi, aliketi uani kwenye kiti cha plastiki, mbuzi amefungwa mguuni mwa kiti. Ndani, Symphorien alikuwa amevaa suti na jasho. Falonne akaingia na kitenge chake, akafunga mlango nyuma yake.

"Papa, hii mashine inaita nani?"

"Inapiga hodi ku kampuni, mama. Bo habajibu."

"Na hodi inapita wapi?"

Symphorien alifurahi kidogo, maana hata siku ya kuaibika mwalimu hupenda swali. Akaweka kidole kwenye mashine. "Inatoka hapa." Akaifuata kebo mpaka kwenye modemu, akafunua kitambaa kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Taa ilikuwa inapepesa. Akakunja uso. Akafuata kebo mpaka ukutani, kutoka ukutani mpaka dirishani, akafungua pazia ili aonyeshe njia inavyokwenda mpaka nguzoni.

Nje ya soketi kulikuwa na skrubu mbili na hewa.

Alitembea hadi jikoni. Wanawake waliokuwa wanasonga bukari, ugali wa huku, walimpisha.

"Mado. Nshinga iko wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Tangu siku gani?"

"Tangu mardi, ile Jumanne fundi alikuya. Ulisema nisirudishe mpaka uniambie." Mado alifuta mikono yake. "Nilikuya kukuuliza mara tatu."

Dakika tano baadaye wakwe wa Fungurume walimwona baba wa bibi harusi amesimama juu ya kiti chini ya nguzo, na suti, akimenya ncha ya waya kwa meno. Mzee Kisimba aliinuka, akakishika kiti kisiyumbe. Dirishani Mado alikaza skrubu zake kwa kisu cha jikoni. Taa ikaacha kupepesa, ikatulia.

Lango likabisha hodi, na safari hii likaitwa karibu. Likajitambulisha. Likafukuzwa, maana katika siku tatu za ufundi Symphorien alikuwa ameharibu kila kilichokuwa sawa.

"Papa, ile mipangilio ya kwanza uliitupa?" aliuliza Falonne.

Alikuwa ameihifadhi kwenye flashi kabla ya kufuta Linux. Akairudisha ile mipangilio ya Jumatano, ya dakika ishirini, bila kugusa herufi. Sekunde tatu, na intaneti ilikuwa ndani ya nyumba.

Saa nne na robo yaya Mulumba alitokea kwenye skrini, koti limefungwa vifungo vyote, uso mzima. Alimtazama Falonne, akauliza: tuipokee mali hii? Falonne akasema ndiyo. Akauliza tena, akajibiwa. Alipouliza mara ya tatu, Falonne alijibu polepole, akiunda kila neno kwa midomo ili baba mkubwa asome, na Mulumba akafuta macho. Symphorien alijificha nyuma ya modemu na kulia kama mtu aliyehusika.

Vigelegele vilipotulia, Mulumba aliuliza kwa nini wamechelewa. Symphorien akafungua kinywa kuzungumzia mitambo ya kampuni. Mado akasogea mbele ya skrini, akamweleza shemeji yake yote, taratibu, neno kwa neno: kitanda, waya, mlango, mara tatu. Mulumba aliisoma midomo yake mpaka mwisho. Kisha akamtafuta mdogo wake kwenye skrini.

"Symphorien," alisema, "miaka yote bananiitaka kiziwi ya famille. Kumbe tuko babili."