Miguu ya Meneja

Mama mkwe wangu alikuja kututembelea kwa wiki moja, akakaa mwezi, na nyumba yetu haijawahi kung'aa namna ile. Mimi ni fundi viatu, lakini vyangu nilikuwa navuliwa mlangoni kama mtoto wa chekechea.

Aliyepata taabu zaidi ni Meneja. Huyo ni mbwa wetu, na jina hilo alilipata kwa tabia ya kulala huku akisimamia kazi za wenzake. Ghafla akaanza kujilamba miguu kutwa nzima. Katikati ya vidole ngozi ikawa nyekundu, ikachubuka, akawa anachechemea.

"Huyu ana upele," mama akatoa hukumu. "Atatuambukiza wote."

Basi akazidisha deki: asubuhi, mchana, jioni. Meneja akipita, ndoo inamfuata nyuma. Jumatatu akaniambia kwa ile sauti ya upole isiyojibika, "Baba, Jumamosi mbwa huyu ahame. La sivyo nahama mimi."

Mkwe habishani na mama mkwe, hilo hata Meneja analijua. Lakini mbwa yule nimemlea tangu akienea ndani ya kiatu, na kusema kweli niliumia. Nikamwita daktari wa mifugo, mwanamke wa kicheko kikubwa aliyezoea kuinua kwato za ng'ombe.

Alhamisi alikuja, akaketi sakafuni, akamtanua Meneja vidole kimoja kimoja. Akanusa unyayo. Kisha akainama akanusa sakafu, nikadhani kachanganyikiwa.

"Nani anapiga deki humu?"

"Mimi," mama akajibu, kifua mbele.

"Na hii dawa ya sakafu unatia kiasi gani?"

"Nusu chupa. Uchafu haubembelezwi."

"Chupa inasema kifuniko kimoja kwa ndoo nzima. Mama, hebu nione mikono yako."

Mama akaificha nyuma ya mgongo. "Mikono yangu haina neno."

Meneja, ambaye hajui adabu za ukwe, akachechemea hadi nyuma yake akaanza kuilamba. Mama akaruka, na mikono ikaonekana: myekundu katikati ya vidole, imechubuka, kama miguu ya mbwa vile vile.

"Nilidhani kaniambukiza," akasema kwa sauti ndogo.

Daktari akacheka mpaka Meneja akabweka. "Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe umeumbuliwa na mbwa! Hakuna aliyemwambukiza mwenzake. Mmeunguzwa na dawa moja. Yeye aoshwe miguu kwa maji matupu, akaushwe vizuri, apakwe marhamu. Wewe nenda zahanati, wagonjwa wangu huwa wana mikia."

Nilicheka, lakini niliona aibu pia. Miguu ya mbwa niliiona siku ya kwanza, mikono ya mama sikuiona mwezi mzima.

Jumamosi nilirudi mapema, roho juu, maana ile hukumu mama hakuwa ameifuta. Nikawakuta kwenye ngazi za mlangoni: mama kavaa glavu, mguu wa Meneja uko mapajani mwake, anaukausha kidole kwa kidole.

"Acha kulamba! Mbona mimi silambi?"

Nikamkumbusha kwa adabu kwamba Jumamosi ndiyo leo.

"Naijua," akasema bila kuinua macho. "Wagonjwa hawahamishwi, baba. Niletee taulo kavu."

Nikaingia mbio kuileta, nikakatiza sakafu yote na viatu vyangu miguuni, na hakuna aliyenifuata na ndoo.