Isale la Mheshimiwa

Maji yalikuwepo. Hilo ndilo lililomchoma Kornelia kuliko yote. Ungekuwa ukame, angepiga magoti akamwomba Mungu. Lakini maji yalikuwepo, unayaona kwa macho yako, yanashuka kwenye mfongo, mfereji uliochimbwa na wazee, kutoka msituni mpaka yafike barabarani. Hapo yanakutana na kifusi, yanageuka pembeni na kujimwaga korongoni. Kisha wanawake wa kitongoji kizima wanashuka korongoni na ndoo kuyafuata maji yaleyale waliyoyaacha juu, wanayapandisha kwa kichwa, pumzi juu juu, mpaka nyumbani. Ukimweleza mgeni atadhani unamtania.

Greda ndilo lililofanya hayo, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi. Lilikuja kupanua barabara, na nani anakataa barabara? Ila pale barabara inapokatiza mfongo, dereva aliusukumia udongo ndani akaenda zake. Diwani wao, Mheshimiwa Shedrack, alikuwepo siku hiyo na buti mpya. Alipanda juu ya kifusi chenyewe akasema wiki ijayo litawekwa kalavati, magari yapite juu na maji yapite chini. Watu wakampigia makofi. Kornelia naye alipiga, na kila akikumbuka anaikasirikia mikono yake.

Wiki ijayo hiyo mpaka leo iko njiani. Mheshimiwa anakaa Moshi mjini. Huku mlimani hupanda kukiwa na msiba au uchaguzi. Kornelia alipochoka kungoja alishuka kwa miguu hadi ofisi ya kata, akamkuta karani anakata kucha.

"Mheshimiwa yuko kwenye kikao," karani alisema kabla hata hajaulizwa.

"Na kalavati?"

"Liko kwenye mchakato, mama. Tena kulikuwa na mkutano wa kupokea malalamiko ya barabara. Mbona nyie hamkuja?"

"Mkutano upi? Nani alitutangazia?"

"Tangazo lilibandikwa pale."

Akaonyesha ukuta ulioko nyuma ya mlango. Mlango ukiwa wazi unalifunika tangazo. Mlango ukifungwa, ujue ofisi nayo imefungwa. Kornelia aliutazama ukuta ule, akamtazama karani, akatafuta neno ambalo Mkristo anaweza kulitamka.

"Kwa hiyo mimi niache ng'ombe wangu zizini, nije hapa kusoma ukuta wenu?"

"Na gari la matangazo lilipita," karani akaongeza.

Lilipita, ni kweli. Lilipita Himo, kwenye lami, likawatangazia wauza nyanya.

Hayo yote angeyameza. Mtu wa huku amezoea kumeza. Ila siku ileile aliyokwenda ofisini, mama mkwe wake, Leonia, alichukua kidumu akashuka korongoni mwenyewe, maana tangu aolewe hajapata kukaa akisubiri kuletewa maji. Aliteleza. Nyonga ikavunjika, na hospitali wakasema kwa umri ule hakuna la kufanya, alale tu. Basi akalala, kwenye chumba kinachotazama migomba, na maji ya korongo akawa anayanywa kwa shingo upande, anasema yananuka majani yaliyooza. Aliomba kitu kimoja, anywe tena maji ya mfongo kabla hajafa. Hakuomba nyama, hakuomba padri. Kila asubuhi aliuliza, "Wameshafungua?" na kila asubuhi Kornelia alijibu, "Bado, mama."

Utauliza, si wachukue majembe wafukue? Martin, mume wa jirani yake Hilda, alijaribu. Hakufika mbali. Diwani aliyekuwa hapatikani kwa ajili ya maji alipatikana siku hiyohiyo kwa ajili ya barabara, akamshtaki Martin kwa kuharibu mali ya umma, na Martin akalala rumande mpaka ndugu zake walipokwenda kumlilia diwani. Tangu hapo Ildefonce, mwenyekiti wa kitongoji, akawa anazunguka nyumba kwa nyumba na sauti ya mtu anayehani msiba. "Jamani, msiguse barabara. Mheshimiwa amesema atakayeigusa atamfikisha mahakamani yeye mwenyewe." Tangazo hilo peke yake ndilo lililofika kila mlango.

Uvumilivu wa Kornelia ulikatika kwenye mazishi ya mzee Ebenezeri. Kaburi halijafunikwa vizuri, Shedrack akashika kipaza sauti kutoa salamu, na salamu zikageuka maendeleo, maendeleo yakageuka mchakato. Kornelia akasimama katikati ya wafiwa.

"Shedrack! Marehemu amekunywa maji ya korongo mpaka anakata roho. Mwambie na yeye kwamba yuko kwenye mchakato!"

Lo! Watu waliinamisha vichwa, na mabega yakawa yanatikisika, wala si kwa kulia. Wiki iliyofuata diwani aliitisha mkutano wa hadhara akakuta viti vitupu na Ildefonce. Kitongoji kizima kilikuwa kimekubaliana: hakuna maji, hakuna mkutano. Na uchaguzi ulikuwa unakaribia.

Hapo ndipo Mheshimiwa alipokumbuka kwamba na yeye ni Mchagga. Akaenda kwa Meku Melkior, mkubwa wa ukoo na mwangalizi wa mfongo, akamwomba ampeleke kwa Kornelia na isale. Kwa wasiojua, isale ni jani refu la mmea ule tunaoupanda mipakani, na anayekuja kwako amelishika kwa kukuomba msamaha, humkatai. Hata kama amekuulia ng'ombe. Ukilikataa, umejitoa mwenyewe kwenye watu; hata siku yako ya kuzikwa wataulizana kama waje.

Kornelia alipopata habari hizo baada ya misa ya Jumapili alihisi kizunguzungu cha hasira. Tazama ujanja! Mtu kashindwa kuleta kalavati, anakuletea jani. Ukilipokea, yameisha, huna tena mdomo wa kumsema, na wenzako nao watarudi mkutanoni kwa kuwa mwenye kidonda kasema kimepona. Na Leonia ataendelea kunywa maji ya majani yaliyooza mpaka siku watakapomfunika. Usiku huo alimwogesha mama mkwe wake, akashindwa kumwambia.

Jumamosi walikuja. Pikapu la diwani, lenye spika mbili juu, lilipanda likavuka kifusi kwa kishindo na kusimama mbele ya kihamba cha Kornelia, shamba la migomba lililozunguka nyumba yake. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo, watu walikuwa wamejaa mpaka migombani, na Shedrack alikuwa na shati jeupe na jani lake la kijani mkononi. Mtu angedhani ni komunyo ya kwanza.

"Shikamoo, Meku," Kornelia alimwamkia Melkior.

"Marahaba, mwanangu. Unajua kilichotuleta."

"Najua."

Shedrack akasogea, akainama, akalinyoosha jani kwa mikono miwili. "Mama Gladys, nimekukosea. Wewe ni mama yangu, na mama hamtupi mwanawe. Naomba yaishe."

Maneno yalipangwa vizuri, hata Hilda alilegea uso. Kornelia aliutazama mkono wa diwani, mkono laini wa mtu asiyebeba ndoo. Machozi yalimjaa, na hayakuwa ya huruma hata kidogo. Alikuwa amenaswa mbele ya watu wake, kwa mila yake, na mtu anayeikumbuka mila hiyo akitaka kura. Wote walikuwa wanamngoja. Akatafuta pa kupitia, hata upenyo wa panya, na ndipo swali lilipomjia.

"Meku, kabla sijapokea. Nataka kuuliza, nisije nikakosea. Nikishalipokea hili, mimi naweza kumshtaki huyu kwa jambo la mfongo?"

"Huwezi. Yamekwisha."

"Na yeye anaweza kunishtaki mimi kwa jambo hilohilo?"

Mzee aliguna. Swali hilo halikuwa limeulizwa mbele yake tangu ashike nafasi ile. "Na yeye hawezi. Isale linafunga huku na huku."

"Hata kwa polisi? Hata mahakamani?"

"Hata kwa nani. Aliyeleta isale akienda kushtaki, ametukana wazee waliomleta. Hatazikwa na sisi."

"Na watu wa nyumba yangu? Na watakaonisaidia?"

"Isale halimpatanishi mtu mmoja akiwa uchi," Melkior alisema kwa ukali kidogo, kama anayefundisha watoto. "Linafunika kila aliyesimama nyuma yako."

Kornelia akageuka kwa Shedrack. "Umesikia, Mheshimiwa?"

"Nimesikia, mama, nimesikia. Mila zetu ni nzuri sana," Shedrack alisema. Furaha ilikuwa imeshamfika masikioni, na hakuwa anasikiliza. Haikuwa mara ya kwanza.

"Basi nimekusamehe." Akalipokea jani, akanywa mbege, akampa naye akanywa. Watu wakapiga vigelegele. Shedrack akafuta midomo, akatangaza kwamba sasa mkutano unaweza kuanza palepale.

Kornelia hakungoja uanze. Aliingia ghalani akatoka na jembe, akapita katikati ya wageni, akashuka hadi barabarani, akapanda juu ya kifusi na kuanza kuchimba. Pigo la kwanza lilikuwa la Leonia. La pili pia. Yaliyofuata hakuyahesabu.

"Mama Gladys!" Shedrack alikuja mbio, shati limechomoka surualini. "Mama, hiyo ni barabara ya serikali! Kuna utaratibu! Nilishasema mtu akigusa—"

Akakatiza, maana Meku Melkior alikuwa amesimama nyuma yake anamtazama. Alimtazama tu, na jasho likaanza kumtoka mheshimiwa kwenye paji la uso.

Hilda ndiye aliyefuata. Kisha Martin, aliyechimba kama mtu mwenye kisasi na ardhi. Kisha wakaja wote, wenye majembe na wenye sepetu, wengine kwa mikono, mpaka Ildefonce mwenyekiti akavua koti lake akiangalia kulia na kushoto. Udongo wa greda haukuwa mgumu hata kidogo. Hiyo nayo ilimuuma Kornelia. Kazi ya nusu siku, jamani! Nusu siku, na mwanamke mzima amelala na nyonga iliyovunjika.

Maji yalipita kabla jua halijageuka. Yalipita kwanza na matope, kisha na majani, kisha yakawa meupe. Watu waliegemea majembe kuyatazama. Barabara sasa ilikuwa na mtaro katikati, na pikapu la Mheshimiwa liko upande wa juu, halina pa kushukia mpaka mtu alete mbao.

Shedrack aliutazama mtaro, akalitazama gari, akawatazama wapiga kura. Mwanasiasa ni mwanasiasa. Akaingia kwenye pikapu, akawasha spika.

"Ndugu wananchi! Mnatangaziwa kwamba huduma ya maji imerejea! Haya ni matunda ya juhudi za diwani wenu..."

Na wapo waliopiga makofi! Kornelia aligeuka kuona ni nani, akamwona hata Martin, Martin wa rumande, anapiga makofi na matope mikononi. Akafungua kinywa atukane, akakumbuka kwamba amesamehe. Akakifunga. Alichota ndoo yake, akajitwika, akaondoka.

Leonia alikuwa macho. Kornelia alimwinua kichwa, akamwekea kikombe midomoni. Bibi alikunywa taratibu mpaka kikaisha, akapumua, akaomba kingine, nacho akakimaliza. Hakuuliza maji yametoka wapi, aliyajua. Nje spika zilikuwa bado zinanguruma juu ya migomba.

"Nani huyo anapiga makelele?"

"Diwani, mama. Anatangaza."

"Anatangaza nini?"

"Kwamba tumepata maji."

Leonia alikitazama kikombe kitupu, akamtazama mkwewe.

"Anamtangazia nani? Si nimeshakunywa?"