Ramani ya Waliomgusa Evelina

Jumanne saa nne asubuhi, Twaha alitundika koti lake lenye maji kwenye msumari ulio nyuma ya kompyuta kubwa. Mwezi wa saba ukungu wa Lushoto haukaushi nguo, na chumba hicho ndicho pekee pale kituo cha utafiti chenye joto. Kisha akakaa kusoma kazi iliyomalizika alfajiri.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndani ya chembe za damu kuna uzi mrefu wa urithi, uliokunjwakunjwa ukatoshea mahali padogo. Damu ikitiwa dawa ya formalini, sehemu za uzi zilizokuwa zimegusana hugandamana hapo hapo. Mashine husoma vipande. Programu ya Twaha huhesabu kipande kipi kiligusana na kipi, kisha huchora ramani ya mraba: nyekundu palipogusana, nyeupe pasipogusana.

Kichupa cha kumi na saba kilikuwa cha Evelina, mtoto wa miaka minne aliyefariki kwa homa mwezi wa tano. Mraba wake ulikuwa mzuri. Chini yake programu ilikuwa imeongeza mistari minne. Wa kwanza ulikuwa mwekundu mwanzo hadi mwisho: Mama, mkono wa kulia, saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Wa pili ulikuwa mwekundu vilevile: Bibi, mguu wa kushoto, muda huohuo. Wa tatu ulikuwa na doa moja: Twaha, kidole, dakika nne. Wa nne uliandikwa Tabibu, yule wa zahanati, nao ulikuwa mweupe wote. Damu ilichukuliwa saa tatu, lakini programu ilikuwa imehesabu hadi saa tisa, mtoto alipofariki.

Twaha alirudia kwa programu ya pili, kama utaratibu unavyotaka. Majibu yalikuwa yaleyale, ila ya pili ilimtanguliza bibi.

Alimwita Esteria, mama wa mtoto, aliyekuwa akipiga deki ukumbini.

"Shikamoo, mama Evelina. Njoo uone."

"Marahaba. Nikanyage hapo, halafu nipige deki upya?"

Alikuja hata hivyo, kitambaa mkononi. Twaha akamsomea.

"Huyo wa mguuni ni mama yangu," Esteria alisema. Mama yake alizikwa Shume miaka kumi na mmoja iliyopita, na mtoto alipewa jina lake. "Ndivyo alivyowashika wajukuu. Alisema mkononi watashikwa na wengi."

"Na tabibu?"

"Alisimama mlangoni na simu yake. Wewe ulikuwepo, mwanangu."

Twaha alikuwepo. Siku ile alikwenda zahanati kuchukua damu za watoto wenye homa kwa ajili ya utafiti. Alimtoboa Evelina, Esteria akaweka dole gumba kwenye fomu, kisha Twaha akaenda kwa mtoto wa kumi na nane.

Daftari la zahanati lilisema: Mtoto alipimwa. Mama alianzia kwa mganga, akachelewa. Kwa maneno hayo wazee wa usharika walimweka Esteria chini ya marudi, asishiriki Meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya watu. Esteria hakuwa amekwenda kwa mganga. Alitaka kurudi mezani bila kusema uongo.

"Nichapie," akasema.

Jumamosi Esteria aliipeleka karatasi kwa Mzee Hezekia, katibu wa wazee, akamkuta anachambua pea za kupeleka sokoni. Mzee alijifuta mikono, akavaa miwani.

"Hee, huyu si Evelina mkubwa? Sauti ya pili kwenye kwaya. Bado hajapumzika tu!"

"Bado, mzee."

"Ndivyo alivyokuwa. Hata mazoezi hakukosa." Aliufuata mstari mweupe kwa kidole mpaka mwisho, akarudi nao tena. "Huyu hakumgusa. Naona kabisa." Akaikunja karatasi taratibu, akamrudishia. "Lakini haina mhuri, mwanangu. Daftari la zahanati lina mhuri."

Mhuri ulikaa kwenye droo ya mkuu wa kituo. Mkuu aliitazama ramani, akamuuliza Twaha kwa upole kama amesahau hatua ya kusafisha. Programu za aina hii zina hatua hiyo: mguso usiotoka kwenye uzi wenyewe huhesabiwa uchafu, nao huondolewa kabla ya kuchapa.

"Ni mama yake, mkuu."

"Sijakataa. Hata bibi simkatai. Lakini si uzi wa mtoto. Safisha, nitagonga."

Twaha alibonyeza. Bibi aliondoka kwanza, kisha mama, kisha Twaha mwenyewe. Mstari mweupe ulichukua muda mrefu kuliko yote, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kufuta. Ulibaki mraba, mwekundu na safi, ukagongwa mhuri.

Wazee waliupokea wakauweka kwenye faili. Hawakuona humo neno lolote kumhusu tabibu, na marudi yakabaki. Jumatatu Twaha alikwenda tena zahanati na vichupa vipya, na tabibu akamkaribisha kutoka mlangoni.

Jumapili ya Chakula cha Bwana, usharika ulisimama benchi baada ya benchi, ukaenda mbele. Esteria alibaki nyuma. Aliwaombea waliokuwa kwenye mstari, akiwataja mmoja mmoja, na tabibu naye, aliyekuwa wa tatu. Mguu wa kushoto wa Esteria ulikuwa umeshikwa tangu wimbo wa kwanza. Aliutuliza sakafuni, ili mama yake asisumbuke.