Ruhusa Niliyojiandikia

Kila asubuhi, kabla ya chai, mama yangu alisoma maisha yake kwa kidole. Alikaa mezani karibu na dirisha, miwani puani, daftari lenye jalada gumu mbele yake, akakipitisha kidole chini ya kila mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Ulianguka kutoka kwenye ngazi kazini. Ulipasuliwa kichwa, ukapona. Unaishi na binti yako wa pekee, mshona mapazia. Akifika ukurasa wa nne alitua, akausoma mara mbili, kisha akanitazama na kutabasamu kwa adabu, kama mtu aliyepewa zawadi asiyojua matumizi yake.

Kurasa zote niliandika mimi. Huo wa nne niliutunga.

Nieleze vizuri, maana sipendi kusingiziwa, hata na nafsi yangu. Mama alikuwa karani wa masijala, miaka ishirini na sita akitunza mafaili ya watu. Nyumbani kwetu hukuweza kumweleza jambo bila ushahidi, swali lake lilikuwa moja tu: "Limeandikwa wapi?" Siku ya ajali alipanda ngazi kutafuta faili la mstaafu mmoja, ngazi ikateleza, kisogo kikakutana na kona ya kabati la chuma. Madaktari walifungua fuvu, wakatoa damu iliyokuwa ikiukandamiza ubongo. Siku tisa hakufumbua macho. Alipoyafumbua, hakujua kushika kijiko, na miezi minane ya mwisho kabla ya kuanguka ilikuwa imefutika yote. Mambo mapya nayo yalimponyoka. Ulimwambia asubuhi, adhuhuri akakuuliza tena.

Ndipo mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja mpole wa sauti lakini mkali wa macho, akatupa lile daftari.

"Mwandikieni yaliyotokea," alisema. "Yaliyotokea tu. Asome mwenyewe kila asubuhi. Kichwa chake kitajishikiza hapo mpaka kipate nguvu."

Yaliyotokea tu! Haya, katika ile miezi iliyofutika lilitokea hili: nilimleta nyumbani mchumba wangu, dereva wa malori ya safari ndefu, ambaye wenzake humwita Breki kwa sababu ya mwendo wake wa kobe. Mama alimkaribisha vizuri, akamwandalia chai, akamsindikiza mpaka mlangoni. Alipoondoka tu, akaniambia hataki. Hakusema tutaona. Alisema hataki, na siku ya harusi asitafutwe. Tukarushiana maneno, nikambamizia mlango. Wiki tatu tuliishi kama wapangaji, tunapishana bila hata salamu. Wiki ya nne akaanguka.

Breki sikumwambia kwamba amekataliwa. Aliyejua ni mama mdogo, mdogo wake Mama wa tumbo moja, na huyo alinikuta hospitalini nimeduwaa, kalamu mkononi.

"Mungu amefuta ubao," alisema, "na wewe unatafuta chaki? Andika alikubali. Mgonjwa hapelekewi ugomvi."

Ndivyo nilivyotaka kuambiwa. Nikaandika: Binti yako anaolewa na dereva. Ulimpokea kwa furaha, ukatoa ruhusa siku ileile.

Tukamrudisha nyumbani, na kazi ikaanza. Watu husema "amepona" mgonjwa anapotoka hospitali. Hao hawajawahi kukaa na mtu anayejifunza kufunga vifungo vya blauzi yake kwa wiki tano. Kelele za cherehani zilimuumiza kichwa, nikaihamishia kibarazani. Siku nyingine alirusha kikombe ukutani kwa sababu chai ilikuwa ya moto, kisha akalia kwa sababu amekirusha. Maneno yalimjia mojamoja, akitaka chumvi anasema "kile... kile cheupe". Na yule dada wa mazoezi akatukataza tusimmalizie sentensi. Ngojeni, alisema, atalipata neno mwenyewe. Mimi kungoja sijui. Nilikuwa nauma ulimi, nahesabu vigae vya sakafu, na mara nyingi nilimmalizia tu kwa siri, nikijifanya nakohoa.

Breki ndiye aliyejua kungoja. Aliwaomba waajiri wake wampe kazi ya karakana kwa nusu mwaka, asafiri baadaye, ili ampeleke Mama kwenye mazoezi mara tatu kwa wiki. Alimshika kiwiko kwenye ngazi bila kumvuta. Mama akitafuta neno, yeye alisimama kimya kama yuko kwenye foleni ya benki, hana haraka na mtu. Mama akampenda, haikuhitaji daftari. Nami nikaanza kujiambia kwamba uongo wangu umegeuka kuwa kweli, ulitangulia kidogo tu.

Zilibaki wiki mbili harusi ifike. Jumamosi moja, kama saa nne asubuhi, niliingia kutoka kibarazani nikamkuta Mama mezani ameinamia karatasi. Mkono wa kulia ulikuwa bado mzito. Aliishika kalamu kwa ngumi.

"Unaandika nini, Mama?"

"Ho... hotuba. Ya kusema mbele ya wakwe."

Alikuwa kaanza juzi. Siku mbili nzima, na karatasi ilikuwa na mstari mmoja, herufi zimelaliana: Nilikubali tangu siku ya kwanza.

Ningeweza kusema hongera nikarudi kwenye mapazia yangu. Nilikuwa nimeshageuka, nakiri.

"Mwanangu, kaa," alisema. "Nina swali... la ugonjwa."

Nikakaa.

"Nasoma kwamba nilifurahi. Kila siku nasoma. Lakini nikisoma, hapa," akagusa kifua, "panabana. Kama... kama mtu anayesema uongo. Kijana nampenda. Lakini hiyo furaha ya siku ile siioni." Nikahesabu vigae. "Nimuulize yule dada kama kuna dawa. Nadhani nilipogonga kichwa, furaha ilimwagika."

Jamani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Miezi sita tumempigania mama yangu aweze kukiamini kichwa chake tena, tumemfundisha vifungo, ngazi, majina ya siku. Na kila asubuhi, kabla ya chai, mimi namfundisha kutokiamini.

"Mama, huna ugonjwa huo," nilisema. "Hukukubali. Ulikataa katakata."

Akaweka kidole juu ya daftari. "Limeandikwa."

"Nimeliandika mimi. Nimekudanganya."

Akavua miwani. Nilijiandaa kwa kikombe, kwa kilio, kwa lolote. Alitafuta maneno, na safari hii sikukohoa.

"Kwa hiyo kichwa changu... kizima?"

"Kwa hilo, Mama, kizima kuliko changu."

Akashusha pumzi, mabega yakalegea, na kwa mshangao wangu nikaona uso wake umepata nuru. Furaha ilitangulia. Hasira ikafuata nyuma, akapiga meza kwa mkono wake mzima.

"Miezi sita! Unanifanya mwendawazimu mezani kwangu!"

"Nisamehe, Mama."

"Nitakusamehe nikiwa na nafasi. Nilikataa kwa nini?"

"Hukumbuki?"

"Ningekumbuka ningekuuliza?" Akanitolea macho. "Sababu zangu unazo wewe. Nipe."

Nikajaribu kukwepa. Nikasema alikataa kwa kuwa Breki ni dereva.

"Hiyo ni kazi, si sababu. Mimi si mjinga. Nisemee... nisemee kama nilivyosema."

Basi nikawa wakili wa mama yangu dhidi yangu mwenyewe. Nilianza polepole. Nilisema: Ulisema Baba naye alikuwa dereva. Ulisema mliishi katika ndoa miaka kumi na tisa, lakini ukijumlisha siku alizolala nyumbani, hazifiki miaka minne. Ulisema nilipougua homa ya uti wa mgongo, nikiwa na miaka mitano, ulinibeba peke yako, ukakesha peke yako, Baba akapata habari nimeshapona naruka kamba.

"Halafu?"

"Ulisema Baba hakuwa mtu mbaya." Nilipunguza sauti, maana hapo ndipo siku ile nilipopandisha kelele ili nisisikie. "Ulisema, angekuwa mbaya ungemwacha ukapumzika. Alikuwa mwema, ndiyo maana ulimngoja mpaka ukazeeka. Ulisema hukunizaa nije kurithi kungoja."

Nilikuwa nimeyabeba maneno hayo miezi saba kama tusi. Nilipoyasikia kwa mdomo wangu, hayakuwa na tusi hata moja. Na mwezi ujao, tarehe tatu, Breki alikuwa anarudi barabarani. Alishaniambia, nami nikaitikia haya, kama mtu anayeambiwa mvua itanyesha. Nilikuwa nimeiona miezi sita ya karakana nikadhani ndiyo ndoa.

"Huyo mama," Mama alisema mwishowe, "ana hoja."

"Anayo."

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilibamiza mlango."

"Hilo si jibu."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Breki, amekuja kumchukua kwa mazoezi. Mama hakugeuka.

"Mwambie angoje."

Nikatoka. Alikuwa anapangusa viatu kwenye mkeka, shati limepigwa pasi, mikono inanukia sabuni na bado ina weusi wa grisi kwenye kucha. Nampenda mtu huyu, acha niseme wazi, nampenda mpaka naona haya.

"Mama yuko tayari?"

"Bado. Ngoja kidogo."

"Kuna tatizo?"

"Kuna swali."

"Lako au langu?"

"La sote wawili," nilimwambia. "Wa kwanza kujibu ni mimi."

Akanitazama, akaona si mzaha, akaketi kwenye kibao cha kibarazani pembeni ya cherehani. Kabla sijaongeza neno, sauti ikatoka ndani kwa pumzi moja, bila kukwama popote, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kabla ya ile ngazi.

"Wewe binti, kwani jibu umeenda kuliazima huko nje? Rudi hapa!"

Nikarudi. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake.

"Nampenda, Mama," nilianza.

"Hilo nimeliona," alisema. "Endelea."